Kupeleka Posa Sur na Serikali Mbili Garini

Wenzangu wa kahawa ya asubuhi, mmeniuliza kwenye simu, mmeniuliza msibani, na Bi Rukia kaniuliza mpaka kwenye foleni ya mkate: posa ya Abdi ilikwendaje? Kila nikianza kueleza, mtu ananikatiza kwa swali. Nimeona bora niandike, kwa sababu karatasi haikatizwi.

Kwa asiyemjua Abdi, ni kijana wa Kisomali, mhandisi wa visima, aliyepanga vyumba vya uani kwangu hapa Nizwa tangu alipokuja kuanza kazi. Baba yake alishafariki. Mama yake yuko Nairobi na miguu haimruhusu kusafiri, na ndiye aliyenipigia akaniambia, "Dada Salma, huko wewe ndiye mama." Binti anayetakiwa ni Thuraya, mfamasia, ambaye Abdi alimjua wakati binti alipokuwa akisoma hapa Nizwa. Kwao ni Sur, wazee wake wametoka Pemba kama sisi wengine tulivyotoka Unguja.

Wazee wa kuposa walikuja wawili. Wa kwanza ni ami yake, kaka wa baba, anaitwa Warsame, mtu wa Kismayu. Wa pili ni mjomba wake, kaka wa mama, anaitwa Jama, mtu wa Mogadishu. Ami alikaa Mombasa miaka ya ukimbizi na Mjomba akauza vipuri vya magari Dar es Salaam, kwa hivyo wote wanazungumza Kiswahili, na walipotaka kugombana nami nikiwepo waligombana kwa Kiswahili, kwa adabu, ili nisijione nimetengwa.

Mambo ya viza na makaratasi siyataji. Yalikwisha, alhamdulillahi.

Nizwa mpaka Sinaw

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kiti cha mbele. Gari ni yangu na dereva ni mimi, hilo waliliona tangu usiku uliotangulia wakalimeza. Lakini ubavuni mwa dereva panakaa mtu mmoja tu.

"Mimi ni kaka wa baba," alisema Ami. "Posa ni ya upande wa baba. Nikae nyuma kama mzigo?"

Mjomba akasema yeye ndiye mkubwa kwa umri, na hata katika nchi yao mji mkuu ni mji mkuu.

Ami akauliza mji mkuu unahusiana nini na kiti cha gari. Mjomba akajibu kwamba swali hilo hasa ndilo lililoiharibu nchi. Abdi alikuwa keshakaa nyuma zamani, bakuli kubwa la halwa mapajani, anaangalia dirishani. Nikaamua mimi: watabadilishana kila tukisimama. Ami akaanza mbele, na kwa kuwa kaanza mbele, Mjomba akapewa haki ya kuchagua njia ya kurudia. Ya kwendea akachagua Ami. Akachagua Sinaw.

Mimi nilitaka tushike njia kubwa ya Bidbid, ndiyo niliyoizoea. Lakini ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la mifugo Sinaw, na Ami alisema posa bila mnyama ni sawa na kwenda ofisini. Mjomba alisema siku hizi watu wanapeleka dhahabu. Ami akasema dhahabu haili majani, jambo ambalo sikulielewa, ila nilikuwa nishakata kona ya Izki.

Njia nzima walizungumza siasa zao. Nilidhani nitachoka, nikajikuta nasikiliza. Mjomba anataka nchi moja yenye jeshi moja, pasi moja, na kura ya kila mtu mmoja mmoja, na majimbo yawe chini ya mji mkuu kama mikoa ya nchi nyingine. Ami akasema hayo waliwahi kuyaona, mtu mmoja mjini anamteua kila mtu, mpaka karani wa posta, na mwisho wake yeye na Mjomba wote wawili wakaikimbia nchi.

"Sisi twataka bandari yetu, polisi wetu na mahakama yetu," alisema Ami. "Ndipo tukae na wenzetu kwa usalama."

"Na mji mkuu utabaki na nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Bendera," akasema. "Na timu ya mpira."

"Timu inafungwa," akasema Mjomba kutoka nyuma. "Hiyo ndiyo wametuachia."

Sokoni Sinaw wauza mifugo walikuwa wanazungusha wanyama wao katika duara, wanunuzi wamekaa kandokando. Mwanamke mmoja wa kibedui, barakoa usoni, alikuwa na mbuzi weupe wazuri. Ami akasimama mbele ya mmoja, akamshika sikio, macho yakamlegea kama aliyekutana na jamaa.

"Hawa wa kwetu," akaniambia. "Muulize wametoka bandari gani."

Nikamuuliza kwa Kiarabu. Yule mama akasema, "Somal."

"Mwambie Somalia ni kubwa. Bosaso? Kismayu? Muulize vizuri."

Nikamuuliza vizuri. Akanitazama kama anayezungumza na mtu mgumu wa kusikia. "Somal," akasema. "Wote Somal. Unataka au hutaki?"

Mjomba alicheka mpaka akashika mgongo. Alisema mwanamke huyu apelekwe kwenye bunge lao akatoe hotuba hiyohiyo, bila kuongeza neno. Ami hakucheka. Alimnunua mbuzi, akamfunga mwenyewe nyuma ya gari yangu, juu ya zulia ambalo nililiosha wiki ile.

Sinaw mpaka Ibra

Ibra tulikuwa tulale kwa binti ami yangu Zuwena. Mjomba sasa kakaa mbele, Ami nyuma karibu na mbuzi, na Abdi katikati ya yote. Mbuzi alilia njia nzima. Mjomba akasema huo ndio upinzani wa jimbo.

Zuwena alitupokea mlangoni, na mmeshamjua Zuwena alivyo. Kabla hatujamaliza kuamkiana, shikamoo na marahaba bado ziko hewani, kamwona mbuzi. Akaweka mkono kifuani.

"Jamani, hamkuwa na haja," alisema. "Mmekuja na mbuzi? Mimi nani wa kuletewa mbuzi?"

Ami alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga. Mume wa Zuwena alikuwa keshamfungua mbuzi, anampeleka nyuma kwenye mitende, anamsifu kwa sauti. Huwezi kumwambia mtu aliyekufungulia nyumba kwamba zawadi si yake. Abdi alinong'ona kwamba tungeweza kununua mwingine. Mjomba, kwa upole mkubwa uliomfurahisha mwenyewe, akasema dhahabu ingefichika mfukoni.

Usiku wake tukamla. Zuwena alimpika kwa wali na bizari na zabibu, sinia kubwa, nyama imelainika inaachana na mfupa. Wageni wangu wakakaa, wakautazama wali, wakatazamana. Kisha Ami akauliza kama nyumbani kuna ndizi.

Zuwena alikwenda jikoni, akanivuta kwa mkono. "Hawakupenda," aliniambia, machozi karibu. "Hata hawajaonja, washataka tunda."

Nikamwambia apeleke ndizi tu. Akapeleka. Wote wawili, kwa wakati mmoja, wakamenya ndizi, wakaikata kwa vidole juu ya wali, wakaanza kula nyama, wali na ndizi pamoja, kimya, kwa kushiba kweli. Ndivyo wanavyokula kwao, kusini na kaskazini. Zuwena alipoelewa akacheka, akaleta mkungu mzima. Abdi naye akala hivyohivyo, nikakumbuka kwamba kwangu hajawahi kuomba ndizi, miaka yote hiyo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hakutaka kunisumbua.

Ni jambo dogo, lakini nililala nikilifikiria. Kijana huyu hataki kumsumbua mtu, na kila anayempenda anadhani wamekubaliana.

Ibra mpaka Sur

Asubuhi ya Ijumaa mambo yakafumuka.

Tulikuwa tumepita Bidiya, michanga mikubwa iko upande wa kulia, na Mjomba, ambaye zamu ya mbele ilikuwa imemwisha lakini bado kakaa mbele, alianza kuzungumzia nyumba. Alisema kampatia Abdi nafasi wizarani Mogadishu, mambo ya maji, na nyumba karibu na yake, ina bustani, Thuraya atapanda maua.

"Nafasi gani?" Ami akauliza.

"Abdi keshakubali. Tumezungumza tangu mwaka jana."

Ami akamgeukia Abdi. "Mimi umeniambia nini?"

Abdi akaangalia bakuli la halwa. Ikadhihiri kwamba Ami naye kampatia nafasi, katika idara ya maji ya jimbo, Kismayu, na kiwanja karibu na bahari, na Abdi vilevile kakubali. Abdi alikuwa kamwambia kila mmoja, "Usiwe na wasiwasi, ami," na "Usiwe na wasiwasi, mjomba," na kila mmoja hakuwa na wasiwasi.

Tukasimama pembeni Al Kamil, mbele ya mkahawa wa chai. Wazee wakashuka. Nilinunua chai ya maziwa na mikate ya kukunja yenye mayai, nikala ndani ya gari huku nawatazama wakizungumza upepo ukiwapeperusha mikono ya kanzu. Maneno mengine niliyasikia. Mjomba alisema jimbo linamwiba mtoto wa taifa. Ami alisema taifa limemaliza kuchukua bandari sasa linachukua watoto. Mwenye mkahawa, Mhindi mpole, akanijia dirishani akauliza kama aite polisi. Nikamwambia hapana, wanaposa.

"Abdi," nikasema, "wewe mwenyewe wataka wapi?"

"Nnataka leo ipite salama, mama," akasema.

Hilo si jibu, na nilimwambia. Akanipa nusu ya mkate wake.

Walirudi garini, Ami mbele. Mpaka tunaziona nyumba za mwanzo za Sur hakuna aliyezungumza isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nauliza njia.

Sur

Baba yake Thuraya, Mzee Nasor, ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwembamba, anazungumza Kiswahili cha Wete, Pemba, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu afe bibi yangu aliyekuwa wa huko. Baada ya swala ya alasiri tukakaa majilisini kwake. Kahawa ikazungushwa, tende zikaliwa, halwa yetu ikafunuliwa. Nilitaka kwenda kwa wanawake, akanizuia. "Bi Salma, wewe ndiye uliyekaa na kijana. Kaa hapa tukuulize."

Aliniuliza, nikamsifu Abdi, na sikuongeza chumvi. Kisha akawageukia wazee.

"Msinione mkali," alisema. "Mimi nimetolewa kwetu Pemba mtoto mdogo. Mama yangu kabeba cherehani kichwani, na mimi nimeshika kifuniko chake, na hakuna aliyeniuliza. Sina ugomvi na nchi yenu. Nnafuatilia habari zake kuliko nnavyofuatilia za hapa. Nnataka kujua mambo mawili tu. Binti yangu atakaa wapi? Na huko atakakokaa, likimfika la kumfika, haki yake ataidai kwa nani? Serikali kuu, au jimbo?"

"Serikali kuu," alisema Mjomba.

"Jimbo," alisema Ami.

Walisema pamoja, kwa pumzi moja. Mzee Nasor alimimina kahawa yake iliyobaki kwenye sahani, taratibu.

"Nipeni jibu moja," akasema. "Nitangoja."

Wakapewa chumba cha pembeni. Tulisikia sauti zikipanda na kushuka. Mzee Nasor akanionyesha picha za wajukuu. Chai ikaja, ikapoa, ikaja nyingine. Walipotoka walikuwa wamejiweka sawa kama watu wenye habari njema, na Mjomba ndiye aliyesema: wamekubaliana kwa kauli moja kuunda kamati ya watu wa pande zote mbili, italitazama suala hili, na kwa sasa wanaomba kipindi cha mpito.

"Cha muda gani?" akauliza Mzee Nasor.

"Hilo ndilo la kwanza kamati italizungumza," akasema Ami.

Sijui nani aliyeanza kucheka. Nadhani nilikuwa mimi, na nilijifanya nakohoa. Lakini hapo pazia likafunguka akaingia Thuraya mwenyewe, buibui jeusi, na mama yake nyuma anamvuta mkono kidogo na kumwachia kidogo. Akaamkia wote. Akakaa karibu na baba yake.

"Baba, swali lako mie nnalo jibu," alisema. "Mie nitakwenda. Kismayu, Mogadishu, popote. Abdi miaka miwili ananieleza. Atachimba visima, mimi nitafungua duka la dawa, kwa sababu huko watu wanauziwa dawa zilizokwisha muda. Nimeshasoma dawa zipi za kuanzia. Nimewasikia wazee wakibishana chumbani; mimi sikukubali nyumba wala kiwanja. Nilikubali kurudi huko na yeye."

Mzee Nasor alimtazama binti yake kama aliyemwona mara ya kwanza. Wazee wangu wawili, kila mmoja akamtazama kama tayari ni wake.

Thuraya akamgeukia Abdi. "Si ndivyo?"

Abdi alikuwa kashika kikombe kitupu. Nilimjua, nikajua kwamba neno la kumridhisha lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nnaogopa," akasema. "Nilitoka huko nimebebwa. Sina nnalolijua isipokuwa la simu. Nikizungumza na wewe usiku naona tutafanya yote. Asubuhi naamka, nakwenda kazini Nizwa, nasema alhamdulillahi sijaondoka. Sikutaka kukuambia. Nilitaka kuoa kwanza."

Feni ilikuwa inazunguka.

"Na mimi naogopa," akasema Thuraya. "Kila siku. Lakini mimi nilidhani naogopa peke yangu, kwa hivyo nilikuwa najikaza kwa ajili yako." Akainuka. "Baba, leo nisijibu."

Akatoka. Mama yake akamfuata. Mzee Nasor alitulazimisha kula chakula cha usiku, papa wa kupaka na chapati, na hakusema neno moja baya. Hilo lilikuwa zito kuliko kutukanwa. Tulilala kwenye nyumba ya wageni. Abdi hakugusa chakula. Wazee nao hawakubishana, wala hawakulala, maana niliwasikia ukutani wakitembea chumba kizima.

Kurudi, kwa njia ya Bidbid

Njia ya kurudia ilikuwa ya Mjomba, akachagua njia kubwa ya Bidbid. Jumamosi asubuhi tuliondoka. Kiti cha mbele hakuna aliyekitaka. Kila mmoja alimwambia Abdi akae, akakaa, kichwa kwenye kioo. Tulipita Ibra bila kumwambia Zuwena, naye keshasikia na keshakasirika.

Bidbid tukasimama kwenye mkahawa wa Wayemeni kula wali wao wa mandi na kuku. Hapo ndipo Mjomba aliposafisha koo.

"Warsame," akasema. "Nimefikiri. Mtoto akaanzie kwenu Kismayu. Msichana amezaliwa pwani, akae karibu na bahari. Na mji mdogo, akiwa na shida mtajua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ami akatingisha kichwa.

"Haiwezekani," alisema. "Mimi pia nimefikiri. Mfamasia anataka hospitali kubwa. Dawa zaingilia mji mkuu. Kwetu atapata nini? Ataenda Mogadishu."

"Mogadishu atapotea. Mji mkubwa."

"Wewe umeukaa, hukupotea."

"Mimi nina jamaa."

"Naye ana wewe. Nyumba ina bustani, wewe mwenyewe umesema."

Wakaendelea hivyo. Wakaendelea wakati wa kunawa mikono, wakaendelea garini, sauti zilezile, ghadhabu ileile, na hoja zilezile nilizozijua kwa moyo tangu Sinaw, isipokuwa kila mmoja sasa kazibeba za mwenzake. Mjomba alitetea mahakama ya jimbo. Ami alisema bila serikali kuu yenye nguvu mwanamke mgeni hana pa kushtakia. Walikuwa wamekuja kumgombania Abdi. Sasa hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyemchukua, akapatwa na jambo.

Karibu na Samail Abdi aliniomba nisimame. Nikaegesha pembeni ya barabara, penye mitende. Akashuka na simu, akasimama mbali kidogo, mgongo kwetu. Tulimtazama sote watatu kupitia kioo. Alizungumza kidogo, akasikiliza kwa muda mrefu, akafuta uso kwa mkono wa kanzu. Mara moja alicheka, Ami akasema polepole, "Hiyo njema," na Mjomba akamshika goti anyamaze.

Akarudi, akakaa, akafunga mlango.

"Kasema hajaniacha," alisema. "Kasema niende kwanza mwenyewe. Nikae miezi kidogo, nifanye kazi, nione kwa macho yangu, kisha nirudi nimwambie kweli, nzuri au mbaya. Nikimwambia tusiende, atakubali. Nikimwambia twende, atakubali. Nikimdanganya, basi. Na baba yake yuko hapo anasikia, kasema sawa."

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nitakwenda," akasema. Alilisema bila kumtazama yeyote. "Nnaogopa vilevile. Nitakwenda."

"Utakwenda wapi, baba?" akauliza Ami.

"Kote kuwili, ami."

Magari yalipita. Ami alitoa kitambaa akapangusa miwani yake, na nikaona kwamba si miwani iliyolowa. Mjomba aliweka mkono begani kwa Abdi, akauacha hapo, akasema Mungu amuongoze, na sote tukasema amin, mara moja, pamoja.

Kisha Mjomba akauliza, kwa upole kabisa, ataanzia wapi.

Nikawasha gari kabla Ami hajajibu.